Muvi za Zamani Hazitazamwi Kimya, na Kukhu Alijua Kabla Yangu

Wasee, leo naanza kwa kuungama. Desemba 2021 nilimwambia nyanya yangu anyamaze kwa sababu ya filamu.

Sikumtukana. Nilisema tu, "Kukhu, hebu kidogo, nasikiza." Akajibu, "Haya." Akakunja mikono mapajani, akatulia, na kama dakika kumi baadaye akainuka polepole akaenda jikoni. Mimi wala sikugeuka. Filamu ilikuwa imefika pale patamu.

Nimekaa na hiyo "haya" muda mrefu. Ndiyo maana nataka tuongee kuhusu namna tunavyotazama filamu za zamani nyumbani, na kwa nini mimi nimebadilisha tabia yangu. Kuna historia kidogo katikati. Usikimbie, inanoga.

Kwanza ujue nilikuwa mtu wa aina gani. Nilikuwa naishi chumba kimoja hapa Manyatta, Kisumu, na kila Ijumaa usiku nilikuwa na ibada yangu. Taa nazima. Simu naitupa kitandani, kifudifudi. Hedifoni masikioni. Filamu lazima iwe imenizidi umri: Casablanca ya 1942, Seven Samurai ya 1954, Psycho ya 1960, Touki Bouki ya Senegal ya 1973. Sauti lazima iwe ya asili, maandishi ya tafsiri yapite chini. Hakuna kusimamisha, hakuna kuongea, hakuna njugu. Msee akija na njugu anakaa nje mpaka azimalize.

Na kulikuwa na sharti moja kubwa kuliko yote: DJ Afro haingii kwangu.

Hapo ndipo unafiki wangu ulipo, kwa sababu DJ Afro ndiye aliyenilea.

Kwetu ni Port Victoria, kule Bunyala, Busia, mahali ambapo Mto Nzoia unakaribia kumalizana na ziwa. Wachache wanajua kwamba katika mipango ya mwanzo ya reli ya Uganda, kituo cha mwisho ziwani kilikuwa kiwe kwetu. Mwishowe reli ikaishia Kisumu, mwaka 1901, na sisi tukabaki na jina la bandari na samaki. Kwetu tunatania kwamba tangu siku hiyo kila kitu kinatufikia kikiwa kimechelewa. Nilipokuwa darasa la kwanza, watu wa mjini walikuwa washahamia DVD, lakini mjomba wangu ndiyo kwanza alikuwa amenunua deki ya kaseti, mtumba, na televisheni ndogo ya Great Wall, nyeusi na nyeupe. Vyote vilikuwa vinakula betri ya gari. Betri ilikuwa inapelekwa sokoni kuchajiwa, inarudi kwa baiskeli. Picha ikianza kujikunja pembeni unajua mna dakika chache, na hapo watu wote wanaanza kuomba adui auawe haraka.

Chini kule ufuoni kulikuwa na kibanda cha video: mabati, mabenchi, jenereta nyuma, na shilingi 10 kwa mtoto. Huko ndiko nilikomjua Bruce Lee, Jackie Chan na Schwarzenegger wa Commando. Wote walikuwa wanaongea kwa sauti moja, ya DJ Afro, kwa Kiswahili na Sheng na Kikuyu kidogo. Mara nyingine wavuvi walikuja na CD kutoka upande wa Uganda, zimetafsiriwa kwa Kiganda, na mzee mmoja aliyewahi kuishi Jinja akawa anatutafsiria yule mtafsiri. Tafsiri ya tafsiri. Hakuna aliyelalamika.

Nyumbani kazi hiyo ilikuwa yangu. Kukhu hajui Kiingereza. Anajua Kinyala, Kiswahili, na Kijaluo cha sokoni. Kwa hivyo kuanzia nikiwa na miaka kama minane nilikuwa nakaa kwenye mkeka karibu na miguu yake, namweleza kinachosemwa. Na Kukhu ana swali moja ambalo lazima lijibiwe kabla filamu haijaendelea: "Huyu ni mtoto wa nani?" Mtu akitokea tu, hata kama ni mlinzi wa mlangoni anayepigwa risasi baada ya sekunde tatu. Mtoto wa nani? Ana mke? Watoto wake watakula nini sasa? Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, kwa hivyo nilipokwama nilikuwa natunga. Nilimpa Rambo dada wawili na shamba la mihogo. Kukhu alikuwa anajua. Alinyamaza tu, akasubiri niendelee.

Halafu nikaenda chuo, nikajifunza aibu.

Nikajifunza kwamba filamu ni kazi ya sanaa, kwamba ukimya pia ni sehemu ya filamu, kwamba mwongozaji alichagua kila sauti kwa makusudi. Yote hayo ni kweli, na bado nayaamini. Lakini niliyachanganya na kitu kingine: nikaanza kuona kwamba kule kwetu hatukuwahi kutazama filamu kamwe, tulikuwa tunapiga kelele mbele yake.

Sasa rudi Desemba 2021. Niko ocha, stima imeshafika nyumbani, nimeunganisha laptopu na televisheni, naweka Mother India ya mwaka 1957. Hii ni filamu ya Mehboob Khan, Nargis ndiye Radha, mwanamke wa kijijini anayebaki na watoto na deni la mkopeshaji baada ya mumewe kukatika mikono yote miwili na kuondoka nyumbani. Ilikuwa filamu ya kwanza ya India kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Ina urefu wa karibu saa tatu, kwa Kihindi, na maandishi ya Kiingereza chini. Kukhu akaja akakaa. Swali la kwanza: huyu ni mtoto wa nani? Nikajibu kwa kifupi. Akauliza lingine. Nikajibu nusu. Kisha ikafika sehemu ambapo mvua inakuja na mafuriko yanazoa mashamba, na Kukhu akaanza kusema kitu kirefu, si swali. Hapo ndipo nikamwambia, hebu kidogo, nasikiza.

Niliporudi Kisumu nikaanza kusoma historia ya sinema huku kwetu. Nikwambie ukweli, nilikuwa natafuta ushahidi wa kunitetea. Nilitaka niandike makala ya kuwachoma watu wa muvi za kutafsiriwa. Nilichokuta kilinigeuzia kibao.

Anza na Japani. Enzi za filamu bubu, kule kulikuwa na watu wanaoitwa benshi. Wanasimama kando ya pazia la sinema, wanasimulia hadithi, wanaigiza sauti za wahusika wote, wanaongeza maneno yao. Baadhi yao walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji wenyewe. Watu walikuwa wanaenda kumsikia benshi fulani, filamu ni kisingizio. Filamu zenye sauti zilipoingia, kazi hiyo ikafa. Kaka yake Akira Kurosawa, aliyeitwa Heigo, alikuwa mmoja wao. Yaani yule Kurosawa wa Seven Samurai, niliyekuwa namtazama kwa hedifoni kama niko msikitini, aliingizwa kwenye sinema na kaka ambaye kazi yake ilikuwa ya DJ Afro. Hapo nikaweka simu chini kidogo.

Kisha njoo Afrika Mashariki. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha mradi wa majaribio wa filamu za kuwafundisha Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara kule Tanganyika. Pesa zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi kama 35: za minyoo, za kahawa, za chai, na moja kuhusu benki ya posta, ambamo jamaa anafukia pesa zake ardhini na mwizi anazifukua. Filamu hizo zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika. Wakapakia mitambo kwenye lori wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 ikaundwa idara nzima ya filamu za makoloni, na magari yakawa yanakuja vijijini na pazia, jenereta, na mtu wa kueleza kwa kipaza sauti kile ambacho watu wanakiona.

Elewa walichokuwa wanaamini. Wakubwa wa idara hiyo walishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida. Lazima picha ziende polepole, ziwe rahisi, na awepo mtu wa kumwongoza. Ni dharau, haina jina lingine. Lakini angalia matokeo: kwa watu wengi wa vijijini huku kwetu, filamu ya kwanza maishani ilikuja na sauti ya mtu juu yake. Sauti hiyo ilikuwa ya serikali, ikiwaambia wachimbe vyoo na waweke pesa posta.

Huku mijini mambo yalikuwa tofauti. Zanzibar na Dar es Salaam, Mombasa, na miji mingine iliyokuwa na sinema, watu walijaa kutazama filamu za Kihindi bila kujua Kihindi. Awara ya Raj Kapoor, ya 1951, ilipendwa vibaya sana Zanzibar. Watu walikuwa wanarudi nyumbani wanaimba nyimbo zake, na aliyeelewa alikuwa anamweleza asiyeelewa. Sinema ilikuwa mahali pa kuongea.

Halafu zikaja kaseti, zikaja na vibanda, na kipaza sauti kikabadilisha mikono. Dar es Salaam kukawa na Lufufu, akitafsiri filamu za Hong Kong na za Marekani mpaka jina lake likauza kuliko jina la staringi. Uganda wakawa na VJ Jingo na wenzake. Huku kwetu miaka ya 2000 akaja DJ Afro. Na mwaka 2010 kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana akatengeneza Who Killed Captain Alex?, kwa bajeti ambayo mwenyewe husema haikufika dola 200. Filamu hiyo iliwafikia watu wa dunia nzima ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, anatania, anashangilia, anakutisha. Wazungu wanaopenda filamu wakaona ni ubunifu mpya. Sisi tuliokulia kwenye mabenchi ya kibanda tulijua ni Jumamosi ya kawaida.

Kwa hivyo nilichokuwa nakiita kelele kina umri mrefu kuliko televisheni yetu. Kilianza kama sauti ya bwana shauri, kikachukuliwa na watu wa mtaa wakakigeuza chao.

Na kuna kitu kingine kiliniuma. Unaikumbuka The Gods Must Be Crazy, ya 1980? Ile ya chupa ya Coca-Cola inayoanguka kutoka kwa ndege? Karibu kila nyumba niliyoijua ilikuwa nayo. Ile filamu nusu yake ni sauti ya Mzungu anasimulia, anatuambia N!xau anafikiria nini, anahisi nini, anaamini nini. N!xau mwenyewe yupo pale, anaongea lugha yake, lakini huyu ndiye anamsemea. Mimi sikuwahi hata siku moja kusema sauti ile inaharibu filamu. Niliiita mtindo wa mwongozaji. Ya DJ Afro nikaiita kelele. Jiulize tofauti ilikuwa wapi. Mimi nilijiuliza, na jibu halikunipendeza.

Sasa sitaki kudanganya kwamba kila kitu ni kizuri upande huu. DJ wengi wanaruka sehemu za huzuni, kwa sababu mteja wa shilingi 10 anataka ngumi. Wanawake kwenye tafsiri nyingi wanatukanwa hata pale ambapo kwenye filamu wanaheshimiwa. Na waliotengeneza hizo filamu hawakuona hata shilingi ya zile CD. Ukitaka kujua mwongozaji alisema nini, DJ hatoshi. Hilo nalikubali, na mtu akinibishia hapo sina la kumjibu.

Lakini mimi nilikuwa nataka kujua alichosema mwongozaji peke yake. Aliyekaa kando yangu sikutaka kujua anasema nini.

Ilinichukua miaka miwili. Desemba 2023 nikachukua matatu hadi Port Victoria, laptopu begani, na jioni nikamwambia, "Kukhu, ile filamu ya mama wa Kihindi, tuimalize." Akaniangalia. "Ile uliyokuwa unasikiza?" Akacheka. Mimi sikucheka sana.

Mara hii nilikaa chini, karibu na miguu yake kama zamani, sauti nikaipunguza. Alipouliza Radha ni mtoto wa nani, nikamwambia ukweli: filamu haisemi. Akasikitika. "Ameolewa mbali," akasema, "ndiyo maana hakuna wa kumsaidia." Nimesoma makala nyingi kuhusu Mother India. Hakuna niliyoiona inasema hivyo, na nadhani ni kweli kabisa.

Tukafika kwenye mafuriko. Radha yuko ndani ya maji, anajaribu kuwaokoa watoto. Nikabonyeza, picha ikasimama. Nikamuuliza, "Siku ile ulitaka kusema nini?"

Akanieleza. Mwaka 1961 Kukhu alikuwa na miaka kama tisa, wanaishi Bunyala Kusini, ng'ambo ya Nzoia. Zile mvua kubwa zilikuja, mto ukatoka kwenye njia yake, na ziwa nalo likaanza kupanda. Kati ya 1961 na 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda zaidi ya mita 2, hiyo iko kwenye rekodi. Ambacho hakiko kwenye rekodi ni kwamba kwao maji yaliingia usiku bila mlio wowote. "Hii ya sinema ina kelele," akasema. "Yetu ilikuja kama mtu anayenyata." Waliamshwa na kuku. Mama yake akambeba mdogo wake begani, yeye akashika nguo ya mama kwa nyuma, wakatembea gizani mpaka mahali palipoinuka. Ghala la mtama lilienda. Mbuzi walienda. Mdogo wake alishikwa na homa wakiwa huko walikohamia, na hakupona.

Alikuwa na miaka mitatu. Kukhu akalitaja jina lake, akatulia kidogo, kisha akasema, "Washa."

Usiku huo nikampigia mama simu Kisumu, nikamuuliza kama alikuwa anajua kwamba Kukhu alikuwa na mdogo wake wa kiume. Mama akanyamaza. Halafu akaniuliza, "Aliitwa nani?"

Yaani hata mama hakujua. Miaka zaidi ya 60. Nzoia imefurika mara ngapi tangu hapo, hata 2020 imevunja tuta na watu wakahama tena, na bado habari hiyo ilikuwa imekaa kimya ndani ya mtu mmoja. Filamu ya mwaka 1957 kutoka India ndiyo iliyoigusa. Ilitaka kutoka 2021, mimi nikaizuia kwa sababu nilikuwa nasoma maandishi ya chini.

Basi haya ndiyo mazoea yangu siku hizi, yachukue au uyaache. Filamu ya zamani naitazama mara mbili. Mara ya kwanza niko peke yangu, hedifoni, taa zimezimwa, sijabadilika hapo. Mwongozaji anastahili kusikilizwa. Mara ya pili naitazama na mtu, ikiwezekana mtu aliyenizidi umri kama filamu yenyewe, na sauti iko chini. Akianza kuongea nasimamisha picha. Na simu yangu iko karibu, imewashwa kurekodi, kwa ruhusa yake. Ile ya Kukhu nimeirekodi dakika 41. Ya DJ Afro nayo nimeirudisha nyumbani. Msee wa njugu pia anaruhusiwa kuingia.

Krismasi hii nataka tutazame Seven Samurai. Ni saa tatu na nusu, wakulima wanahangaishwa na majambazi, na wanaume saba wanakuja kuwasaidia. Nishaanza kujiandaa, kwa sababu najua swali linakuja na nina watoto saba wa watu wa kueleza.

Na kwenu je? Nyumbani kwenu nani alikuwa anatafsiri, na nani mlikuwa mnamwambia anyamaze? Kama bado yupo, mtafute wikendi hii.